Kesho Iko Mgongoni

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala uwandani, na jengo la Shule yetu ya Sayansi lilielea juu yake bila miguu. Nililiendea nusu nikiwa bado ndotoni. Kilichoniamsha ni vicheko. Wanafunzi walisimama chini ya ngazi ya Basilio, mpaka rangi, wakisoma ukutani.

Dhamira ya shule ilikuwa imeandikwa kwa Kihispania, na chini yake mstari mmoja wa Kiaymara, lugha ya mama zetu. Mstari huo nimeupigania tangu nilipoanza kufundisha fizikia hapa. Mkuu wa shule, Don Rómulo, mtu wa nyanda za chini, akautafsiri mwenyewe kwa kamusi bila kuniuliza. Alitaka kusema, "Sayansi inatazama mbele." Sasa kwetu mbele ni nayra, jicho ni nayra, na zamani ni nayra. Yaliyopita tumeyaona, kwa hiyo yako mbele ya uso. Kesho hatujaiona, iko mgongoni.

"Shule inatazama juzi!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele. "Basi na mimi nipeni mtihani wa mwaka juzi!"

Don Rómulo alifika, akaelezwa, masikio yakamwiva. "Futa, Basilio. Kihispania kinatosha. Rekta, mkuu wa chuo kikuu, anakuja mchana, sitaki kuchekwa."

Moyo ulinipasuka. Mstari mmoja tu, na huo nao uondoke!

"Mkuu, kosa ufanye wewe, adhabu tupewe sisi?" nilimuuliza.

"Sasa Mwalimu Eulalia, unataka niandike kwamba tunakwenda kinyumenyume?"

"Ndiyo! Kwani kesho umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi usijifanye unaitazama. Kwetu mtoto akisimulia asichokiona kana kwamba alikiona, anakula kofi. Itakuwa mwanasayansi mzima?"

Basilio alicheka mpaka ngazi ikayumba. Don Rómulo hakucheka. Alikuwa anaangalia ukungu, ambao ulianza kuinuka taratibu, ukaacha wazi mashamba ya viazi, kisha makaburi ya kijiji, kisha theluji ya mlima Illampu.

"Baba yangu alifariki mwaka jana," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu ananiambia niache kutazama nyuma. Katika lugha yenu, yuko wapi?"

Hasira yote ilinitoka.

"Yuko mbele yako, Mkuu. Angekuwa wapi tena?"

Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemsalimu mwenzake ng'ambo ya barabara, akaushusha. Sijui aliona nini. Mimi nilimwona marehemu mama, anakanyaga kwa miguu mitupu viazi vilivyoganda kwa baridi ya usiku, avikamue maji, na kunifokea nimechelewa kuamka, nikalia bila haya.

"Nifute, nisifute?" Basilio aliuliza kutoka juu. "Rangi inakauka, jamani."

"Usifute," Don Rómulo alisema, macho bado kulekule. "Ongeza. Mwalimu atakutajia maneno. Andika kwamba kesho tunaiendea kinyumenyume, na hakuna hapa aliyeiona."

"Na Rekta akicheka?"

"Mwache acheke. Akimaliza, muulize baba yake yuko wapi."