Pete ya Njia

Baba yangu alikuwa mkuu wa stesheni isiyo na treni. Reli zilishang'olewa na wauza vyuma chakavu, dirisha la tiketi likawa la popo, lakini yeye kila asubuhi alifagia jukwaa na kuvaa kofia yake ya kazi. Nilikuwa nikimcheka. Paa la chumba cha abiria lilipoporomoka, kicheko kikaniisha, nikaenda kumchukua aje akae kwangu.

"Siendi," akasema. "Njia haijafunguka."

Njia ilikuwa moja, kwa hiyo, ili treni mbili zisigongane, hakuna iliyoondoka mpaka dereva apewe pete ya chuma, pana ya kuvaa begani. Ilikuwa moja tu kati ya stesheni yetu na inayofuata. Aliyenayo ndiye mwenye njia. Mpaka irudi, mkuu wa stesheni haachi zamu. Treni ya mwisho iliondoka nayo. Ilifika, abiria wakashuka, stesheni zikafungwa, na pete hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kwa baba, ile treni ilikuwa bado njiani.

Marehemu mama alikuwa akisema watu huisikia honi yake mchana kweupe. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mimi nilisema ni upepo.

Nilimwendea mhunzi akanifulia pete kama ile. Nikaipaka grisi, nikampelekea baba. Aliigonga kwa kucha, akainusa, kisha akanitazama kwa huruma iliyonichoma.

"Hii haijawahi kupanda treni, mama. Lakini itundike. Umehangaika."

Nikaitundika kwenye msumari wa ofisini kwa hasira na haya. "Baba, utakuja kufia humu!"

"Nitakufaje na niko zamu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikatoka kufunga godoro lake. Atake asitake, siku hiyo tungeondoka wote. Jua lilikuwa la utosi. Ndipo kengele ya ofisini ikalia, ile ambayo nyaya zake ziliibwa zamani. Baba akatoka, kofia kichwani, akasimama ukingoni mwa jukwaa na kunyoosha mkono, kama alivyokuwa akipokea pete kutoka kwenye treni isiyosimama. Upepo ukapita wenye harufu ya moshi, ukanijaza vumbi machoni. Nilipofumbua, alikuwa ameketi kwenye benchi.

Nikamwita. Nikamtikisa. Pumzi ilikuwa imekwisha. Begani alikuwa na pete nyeusi, iliyochakaa, ina joto kama imetoka mkononi mwa mtu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikakimbilia ofisini nikiomba nikute msumari mtupu.

Pete ya mhunzi ilikuwa palepale, inang'aa grisi.

Nikaitoa, nikaitupa nje. Nikarudi kwa baba, nikamvua ile ya begani taratibu, nikaenda kuitundika mahali pake. Njia ikafunguka. Ndipo nikamvua kofia.