Fuwele Iliyofungiwa Drooni

Mpimaji alikuwa na ushahidi wa kutosha kumfukuzisha kazi shemeji yake. Barua ya mashtaka ilikuwa kwenye trei ya mkuu wa maabara tangu asubuhi, ikimsubiri arudi mkutanoni. Kilichobaki ni kipimo kimoja tu.

Kesi ilikuwa nzito. Shemeji, mume wa dada yake na fundi wa tanuri, alikuwa ameoka fuwele nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele, akaipoza ghafla na kumkabidhi. Jumatatu, ilipotiwa baridi kali ya heliamu, ilianza kupitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini arobaini, yaani kipimo cha baridi ambacho kikiwa juu zaidi fuwele ni bora zaidi. Jumatano, arobaini na sita. Bila shaka kuna mtu alikuwa akibadilisha fuwele ili tanuri lisifiwe, na mtu huyo alipiga mluzi kila akipita.

Jumatano hiyohiyo Mpimaji aliikwaruza fuwele pembeni kwa sindano, akaifungia drooni, akabandika unywele wake kwenye mwanya na kuvaa ufunguo shingoni kama medali.

Sasa ni Ijumaa. Unywele aliukuta mzima. Mkwaruzo upo. Kipimo: hamsini na moja.

"Shemeji," aliita, "droo yangu umeigusa?"

"Droo yenye ndevu? Nani aiguse!" Shemeji alichungulia mchoro kwenye kompyuta. "Aa, inapanda. Uliiacha kwenye joto la chumba?"

"Ningeiweka wapi?"

"Kwenye friza. Nikiipoza ghafla, atomi za oksijeni hubaki shaghalabaghala, kama bweni kabla ya ukaguzi. Kwenye joto la chumba husogea kidogo kidogo mpaka zikajipanga mistari, na kipimo kinapanda. Fuwele ni ileile."

Mpimaji akaikumbuka trei. Alitoka mbio, akampita mkuu mlangoni, akainyakua bahasha kabla mzee hajavua koti.

"Nimekosea tarehe," alisema, akatoweka.

Aliporudi, mluzi ulikuwa umeanza.

"Umeiwahi?" aliuliza Shemeji.

"Nini?"

"Barua. Nakala yake uliisahau kwenye printa juzi. Umeandika vizuri, ila mimi si 'mshukiwa'. Ni fundi mwandamizi."

"Siku mbili unayo, umenyamaza!"

"Nilitaka nione utaanza kupima au kupeleka. Ukapeleka."

Mpimaji aliichana barua vipande vinne, kisha vinane.

"Dada anajua?"

"Bado. Kesho si unakuja kwetu? Utamweleza mwenyewe."