Jaketi la Marehemu

Angwenyi alitaka kugeuka, mguu ukakataa. Ulikuwa umefungwa kamba iliyopitishwa juu ya chuma cha kitanda, na mwishoni mwa kamba kilining'inia kidumu cha mafuta ya kupikia kilichojazwa mchanga, kwa sababu hospitali haikuwa na uzani mwingine. Kila aliyepita kati ya vitanda alikigonga. Kila kilipogongwa Angwenyi alitukana moyoni, kisha akatubu, maana ilikuwa Sabato.

Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: chuma cha kuungia mfupa kinunuliwe wiki hii, la sivyo mguu utakatwa. Alisema hayo akitazama simu yake.

"Sikiza, kijana," alisema Jeremiah, mtu wa kumtafutia kesi wakili mmoja pale Migori. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda utadhani jamaa. "Lori iliyowagonga ilitoroka, namba hakuna. Imebaki tu insurance ya pikipiki. Na hiyo inalipa abiria. Rider hailipi."

"Si mimi ndio nilikuwa nailipia? Okari alikuwa ananikata kila jioni!" Okari ndiye mwenye pikipiki.

"Ulikuwa unalipia wengine."

Angwenyi alicheka kicheko kibaya. Miaka yote ile, Rongo hadi Uriri, stika ile ya bima ilimlinda kila mtu barabarani, hata mlevi aliyejitupa mbele yake, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Lakini Mungu hajakutupa," Jeremiah alisema kwa sauti ya chini. "Polisi walipata marehemu amevaa helmeti na jaketi ya rider. Wakaandika yeye ndiye alikuwa anaendesha. Wewe nyamaza tu, uwe abiria. Jumatatu ofisi inanunua hicho chuma. Okari nimeshaongea naye."

Siku ile ya ajali mvua ilikuwa haishikiki. Wangwe, mteja wake wa kila siku kutoka machimbo ya Osiri, alikuwa akikohoa kifua kizima, na Angwenyi akamwonea huruma, akavua jaketi na helmeti akampa. Basi. Wangwe alikufa amevaa wema huo.

"Na mke wake?"

"Rider hana chake. Ni sheria, si mimi."

Hapo ndipo Metrine, mjane wa Wangwe, alipoingia na thamosi ya uji na mfuko wa karatasi. Alimsalimu Jeremiah kama mgeni mwingine yeyote, akammiminia Angwenyi kikombe.

"Baba Nyaboke," alimwambia, "eti polisi wanasema Wangwe ndiye aliangusha pikipiki. Wangwe! Mtu alikuwa anaogopa hata baiskeli. Wananiambia siwezi kudai kitu. Si uwaambie? Wewe ndiye ulikuwa naye."

Uji ulikuwa na sukari. Angwenyi alijua watoto wa Wangwe hawakutiliwa sukari asubuhi ile, akaona aibu hadi masikioni. Akaweka kikombe chini.

"Mama," alianza, "siku hiyo..."

Jeremiah alisimama ghafla, goti lake likagonga kidumu. Maneno ya Angwenyi yakageuka ukelele.

"Pole, ndugu. Pole sana," alisema Jeremiah.

Metrine alimfuta Angwenyi jasho. Mwili ulikuwa moto, na bado alitetemeka kwa baridi. Metrine akafungua mfuko, akatoa jaketi zito, safi, lenye harufu ya sabuni ya kipande.

"Hii walinipatia, eti ni yake. Nimeifua. Si ni yako?"

Hakungoja jibu. Alimfunika nalo mabegani, na Angwenyi, bila kufikiri, akapitisha mkono ndani ya mkono wa jaketi uliochakaa kwa kushika usukani.

Jeremiah aliinama. Akamvua polepole, kwa upole wa muuguzi, akalikunja jaketi na kumwekea Metrine mikononi.

"Mama, hii ni ya marehemu. Rudisha nyumbani."

Metrine hakumtazama. Alilikumbatia jaketi, akamkazia macho Angwenyi, akingoja.

Angwenyi alitetemeka hadi kidumu kikaanza kuyumba, na safari hii hakuna aliyekigusa.