Fundi Amesema Sawa

Mke wa Mkalimani hakuwa mtu wa kudharau watu ovyo. Kabla ya kumfuata mumewe ugenini alikuwa ameuza rangi miaka kumi na mmoja katika duka la vifaa vya ujenzi, na kazi ile inamfunza mtu uvumilivu. Mteja anakuja na kipande cha pazia mkononi, anataka rangi kama hii lakini isiwe hii, na wewe unatabasamu. Alitabasamu miaka kumi na mmoja. Mumewe alimmalizia tabasamu lote kwa miezi miwili.

Jina la Mkalimani alipewa na mdogo wake, kwenye simu, kwa utani. Mwenyewe akalipenda, akalivaa kama suti mpya. Kwa miaka tisa alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwamba lugha ya huko anaiporomosha mpaka wenyeji wanamuuliza amezaliwa mtaa gani. Mama yake alitamba na hilo kwa majirani. Mkewe, aliyemwoa katika likizo yake ya pili, alitamba nalo pia, na sasa kila akikumbuka anaona haya.

Kwa maana alipofika aliona. Mumewe alipakia makasha katika ghala la vyakula vya barafu, pamoja na watu wa kwao, chini ya msimamizi wa kwao. Dukani alijipitishia vitu mwenyewe kwenye mashine ya kulipia, bila kufungua mdomo. Na kwenye ngazi, akisemeshwa na mtu, alicheka. Alicheka kwa kila kitu. Siku moja jirani wa ghorofa ya juu, bibi mmoja mwembamba, alimweleza jambo huku macho yamemwiva, pengine alikuwa amefiwa, na Mkalimani akacheka akampiga begani.

"Alikuwa anasema nini yule bibi?" mkewe aliuliza walipoingia ndani.

"Ah, habari za hali ya hewa tu."

Mke akamtazama. Tangu siku hiyo alianza kumtazama hivyo, kwa shaka.

Mwenye nyumba alikuwa amewaruhusu kupaka sebule upya, mradi watafute fundi anayejua kazi. Kuta zilikuwa za kijivu kichafu, na kwenye pembe moja, juu ya kochi, kulikuwa na doa lenye ukubwa wa sinia, la rangi ya chai iliyomwagika. Mkalimani akasema hiyo ni kazi yake. Alipiga simu akiwa amefunga mlango wa chumbani, na Jumanne asubuhi fundi akaja.

Alikuwa mzee, mfupi, mwenye ovaroli nyeupe iliyokwisha kuwa na kila rangi, na vipande viwili vya sponji vilivyofungwa magotini. Hakuketi, wala maji aliyokaribishwa hakuyanywa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe yenye doa, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akakwaruza lipu kwa ukucha. Ikatoka laini, akaisugua baina ya vidole, akamwonyesha Mkalimani kidole kinachong'aa kwa maji. Ndipo akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, akionyesha dari, akichora bomba hewani kwa mkono, akitikisa kichwa, akihesabu siku kwa vidole: moja, mbili, mpaka kumi, kisha tena kumi.

Mkalimani alikuwa akiitikia kwa kichwa muda wote, amekunja mikono kifuani.

"Anasema nini?" mkewe akauliza.

"Anasema ukuta uko sawa. Ataanza keshokutwa."

"Mume wangu, amekwaruza lipu yenye maji. Mimi nimeuza rangi. Ukuta ule unavuja kutoka juu, haupakwi mpaka ukauke."

"Wewe umekuja juzi," Mkalimani akasema, bila kumtazama. "Mimi nina miaka tisa hapa. Huku wana rangi za kisasa."

Mke akatoa simu mfukoni. Kulikuwa na programu ya kutafsiri ambayo alikuwa ameiweka wiki iliyopita. Mumewe akamsukuma mkono chini. "Usinitie aibu mbele ya fundi. Mashine ije nyumbani kwangu kunifundisha kusema?"

Fundi aliwatazama wote wawili. Akauliza swali, polepole. Mkalimani akajibu neno moja, lile alilolijua kuliko yote, ambalo kwa lugha ile maana yake ni ndiyo. Fundi akauliza tena, akagonga ukuta. Ndiyo, akasema Mkalimani, na akacheka. Mzee akashusha pumzi, akatoa kitabu cha karatasi, akaandika mistari minne, akampa kalamu. Mkalimani akatia saini ndefu yenye mikia, saini ya waziri, wala hakusoma hata herufi moja. Mzee akachana nakala akaiweka mfukoni. Alipokuwa anatoka, macho yake yalikutana na ya mke wa Mkalimani, na yule mama akaona mle ndani jambo alilolijua vizuri, kwa kuwa lilikuwa limejaa ndani yake pia.

Alhamisi fundi akaja akapaka. Alipaka kwa ustadi lakini bila moyo, kama mpishi aliyeamrishwa aunguze. Sebule ikawa na rangi ya maziwa, ikapendeza, na Mkalimani akaipiga picha akamtumia mdogo wake. Usiku na mchana alikuwa akijisifu jinsi alivyomwelekeza fundi yule mgumu.

Wiki ya tatu ukuta ukafura. Kwanza malengelenge madogo, kisha makubwa, kisha rangi ikaanza kubanduka vipande vipande na kuangukia kochi. Doa likarudi, sasa kubwa kama mlango, lenye ukungu mweusi kingoni.

"Tapeli!" Mkalimani akanguruma. "Nilijua tangu mwanzo. Mtu hata macho hayatulii." Akampigia mdogo wake, akasimulia jinsi wageni wanavyoonewa. Akamwita fundi, na fundi akaja siku hiyohiyo, na ovaroli yake na magoti yake ya sponji.

Mkalimani alimsubiri katikati ya sebule. Kumbe katika miaka tisa alikuwa amekusanya maneno matatu mengine, naye akayatumia yote kwa mpigo, kwa sauti ya juu, akielekeza kidole ukutani: "Mbaya! Wewe! Polisi!" Kisha akaanza upya kwa mpangilio mwingine.

Mzee akafungua mfuko wa kifua, akatoa nakala, akaikunjua, akaishika mbele ya pua ya Mkalimani, kidole gumba chini ya saini ya waziri.

Mkalimani akaipokea. Akaisoma, yaani aliitazama kuanzia juu mpaka chini kwa muda wa mtu anayesoma, akikunja uso.

"Imeandikwa nini?" mkewe akauliza.

"Mambo ya sheria. Hutaelewa."

Mkewe akaichukua karatasi mikononi mwake, bila papara, akailaza mezani, akaipiga picha kwa simu. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikatoa Kiswahili chake kibovu, naye akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa ile sauti aliyokuwa akiwasomea wateja maelekezo ya kwenye kopo:

"'Ukuta analia maji kutoka juu. Fundi amesema usipake, kausha siku ishirini. Mteja amesema ndiyo paka, amecheka. Fundi hana kosa.'"

Kipande cha rangi kilibanduka kikaanguka.

"Mashine hizi hazijui lafudhi za huku," Mkalimani akasema.

"Amecheka," mkewe akarudia. "Mpaka kicheko kimeandikwa." Kisha wazo likampata. Mwezi uliopita alikuwa amekwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichomuuma siku tano mfululizo, na mumewe ndiye aliyesimama katikati akitafsiri. "Na yule daktari? Alisema nini?"

"Nilikwambia. Unywe maji mengi."

"Nimekuuliza alisema nini."

Mkalimani akatazama ukuta, akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya kubebea makasha, na pale alionekana kama kabati lililosahauliwa na waliohama. "Alikuwa anaongea haraka sana," akasema. Kisha akachukua koti, akasema anakwenda kuleta mkate, ijapokuwa mkate ulikuwapo mezani.

Mkewe hakumfuata. Hasira ingemfuata. Alichokuwa nacho yeye kilikuwa kimepoa zaidi ya hasira. Kesho yake alirudi zahanati peke yake, simu mkononi, na kumbe walikuwa wamemtaka apimwe shinikizo la damu mara tatu na aanze dawa. Akaanza. Nyumbani hakulizungumza, na mumewe hakuthubutu kuuliza.

Lakini mchana ule wa karatasi aligeuka kwa fundi, akaelekeza kidole darini, akapandisha nyusi. Mzee akaelewa. Wakapanda pamoja ghorofa ya juu, wakabisha hodi kwa yule bibi mwembamba, na chini ya sinki lake wakakuta ndoo, na bomba lililofungwa kwa kitambaa. Bibi akaanza kulia, akieleza kwa mikono kwamba alikwisha kusema, alimwambia yule bwana wa chini kwenye ngazi, tena mara mbili. Mke wa Mkalimani akamshika mkono. Aibu aliyoisikia haikuwa yake, lakini hapakuwa na mwingine wa kuisikia.

Bomba likatengenezwa. Ukuta ukaachwa siku ishirini na madirisha wazi, na Mkalimani akalala na soksi bila kulalamika. Ulipokauka, mzee akarudi, na mama yule akachukua kisu cha kukwangulia cha pili kutoka kwenye ndoo bila kuombwa. Fundi akamtazama anavyokilaza, si kwa ncha, kwa ubavu, akainamisha kichwa. Wakakwangua ukuta mzima pamoja. Mzee akagusa lipu, akasema neno. Mama akalirudia. Kavu. Msasa. Ngoja. Ngazi. Akakosea, mzee akamsahihisha, akakosea tena, wakacheka, na kila kicheko kilikuwa mahali pake.

Mwezi uliofuata fundi alimwita wapake pamoja ngazi za jengo la shule, kisha ofisi ya mwanasheria, na kufikia mwisho wa mwaka mama yule aliweza kubishana na mteja kuhusu unyevu mpaka mteja akubali kungoja.

Mkalimani aliwaambia watu wa nyumbani kwamba yeye ndiye aliyemtafutia mkewe kazi, baada ya kuzungumza kwa kirefu na fundi mmoja hodari. Mkewe alikuwa jikoni, akasikia kila neno kupitia mlango. Aliendelea kusugua rangi kwenye kucha zake. Kumsahihisha kungetaka kumjali, na yeye alikuwa na ngazi ya kubeba asubuhi.