Kabureta ya Mama Mbao

Fundi alichomoa plagi ya kwanza ya injini, akaitazama, akacheka.

"Mama Mbao, hii plagi au mkaa?"

"Wewe tengeneza, mizaha baadaye," alijibu yule mama, akikung'uta vumbi la mbao kwenye gauni.

Aliuza mbao, na aliishi peke yake tangu mwanawe wa pekee na mkewe wahamie mbali. Pikapu yake kuukuu ilikuwa inabugia petroli. Kila alipotaka kwenda kuwaona, mwanawe alimkatiza kwenye simu: "Usije, Mama. Gari hilo litakuacha njiani, na huko kati hakuna kituo cha mafuta." Miaka ikapita hivyo. Mjukuu alizaliwa, akatambaa, akatembea, bibi yake akimwona kwenye picha tu.

Fundi akainamia injini. "Kabureta hii haikuja na gari. Ni ya injini kubwa zaidi. Nani alikufungia?"

"Mwanangu. Alitaka pikapu ipande mlima na mzigo."

"Ikapanda?"

"Ikapanda. Na gharama zikapanda nayo."

Choki, kile kilango cha hewa cha kabureta, ilikuwa imekwama nusu, kwa hiyo injini ilivuta mafuta mchana kutwa kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa kwenye baridi. Fundi akaikwamua. Akaweka jeti zenye matundu madogo zaidi ya kupitisha petroli, akabadilisha chujio la hewa, akakaza na kulegeza skrubu mpaka mngurumo ukatulia.

"Na mguu uwe mwepesi, mama. Usikanyage mafuta kama unaua nyoka."

Siku iliyofuata alisambaza mbao kutwa nzima. Jioni mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kidogo tu. Alikula amesimama, kwa sababu kuandaa meza kwa mtu mmoja alikuona ni upuuzi, kisha akampigia mwanawe.

"Pikapu imepona. Nakuja Jumamosi."

Mwanawe alikohoa.

"Mama, wiki hii kidogo..."

"Usinizungushe. Gari ni zima, kwa hiyo sema lingine."

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na sauti ya mwanawe ikashuka. "Ukija unamkosoa mke wangu kuanzia jikoni hadi bafuni. Safari ile uliyokuja, kabla mtoto hajazaliwa, alilia wiki nzima. Sikujua nikwambieje, nikasingizia gari."

Mama Mbao alifungua kinywa ajitetee. Jiko lile lilikuwa chafu kweli. Akakifunga. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba alisikia bomba la uani likidondosha maji.

"Basi nitafika asubuhi, nimbebe mtoto, nirudi siku hiyohiyo. Jikoni siingii. Mafuta sasa yanatosha kwenda na kurudi."

"Sawa, Mama," alisema mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Karibu."

Mama Mbao akabaki na simu sikioni, akangoja kidogo zaidi.

Mwanawe hakumwambia alale kwao.