Uso wa Jumamosi

1. TANGAZO KWA UMMA

Wananchi wote wa Manispaa na vitongoji vyake mnaalikwa katika ufunguzi wa maonyesho ya picha za kuchora yaitwayo NYUSO ZA BIBI, kazi ya msanii wetu Rozina Anselmu. Picha zote ni za mtu mmoja.

Mahali: ukumbi wa Kituo cha Sanaa, Likombe.
Siku: Jumamosi, saa nane mchana.
Mgeni rasmi: Ofisa Utamaduni.

Bibi mwenyewe atakuwepo.

2. Pelagia

"Bibi mwenyewe" ni mimi. Naitwa Pelagia. Nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kule juu kwa Wamakonde, na uso wangu una chale kuanzia paji hadi kidevu. Kwetu tunaziita dinembo. Rozina ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe, kwa hiyo mabaya yake yote ameyatoa kwangu na mazuri yake ameyaokota njiani.

Wewe unayesoma, usinionee huruma kabla sijamaliza.

Siku ya kuchanjwa chale nililazwa chali, kichwa kwenye mapaja ya shangazi. Fundi alikata, akafuta damu, akapaka masizi, akakata tena. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba msichana anayelia wenzake humtungia wimbo, na wimbo huo utamfuata hadi kwa mume. Sikulia. Iliuma mpaka masikio yakaziba, lakini ndani yangu kulikuwa na furaha moja kubwa, na vyote viwili vilikaa kifuani bila kugombana.

Uso ulivimba. Ulipopoa, mama akaniletea beseni la maji nijitazame. Akasema, "Sasa una uso."

Nilikuwa mzuri. Sisemi nilikuwa urithi, wala historia, wala hayo mengine yanayoandikwa ukutani. Nilikuwa

mzuri.

3. Kwenye dirisha la kuandikisha vitambulisho, miaka mingi baadaye, upande huu wa mto

— Alama ya kudumu mwilini?
— Zipo usoni, si unaziona.
— Naandika makovu.
— Si makovu, mwanangu. Kovu ni ajali. Hizi nilizitaka.
— Bibi, humu kwenye kompyuta kuna kovu, baka na ulemavu. Hicho chako hakimo.
— Basi andika hakuna.

Karani akacheka. Mjukuu aliyekuwa nyuma kwenye foleni naye akacheka. Bibi akacheka kidogo, kwa kuwafuata.

Ikaandikwa: *makovu*.

4. Rozina

Mjukuu wa kwenye foleni ni mimi.

Nimesomea uchoraji. Chuoni tulifundishwa kwamba mwili wa mtu ni kumbukumbu, kwamba mchoraji mzuri haishii kwenye ngozi. Niliporudi Mtwara nikamkalisha Bibi karibu na dirisha, nikaanza kumchora, na sikuacha. Nilimchora asubuhi akipepeta mchele. Nilimchora akisinzia. Kila mara nilipofika kwenye macho, mkono wangu wenyewe uliyatia maji.

Picha ya kwanza ilipokauka nilimwita aione. Akaisogelea, akaitazama, akaniuliza, "Huyu amefiwa na nani?"

Nikamwambia hajafiwa, ni yeye. Akauliza kwa nini basi anaonekana kama mtu mwenye tumbo la kuhara. Nikacheka, nikamweleza kwamba sanaa inatoa nje yaliyo ndani. Akasema ndani alikuwa anafikiria maharage aliyoyaacha jikoni.

Tulicheka sana siku ile. Halafu nikaendelea kuchora vilevile.

Nilimpenda. Ile ndiyo njia niliyoijua ya kulisema hilo bila kulisema, maana kwetu mtu hamwambii bibi yake "nakupenda". Anamletea sukari. Mimi nilimletea

5. Karatasi iliyobandikwa ukutani, chini ya picha ya saba

KIMYA. Rangi ya mafuta. Chale katika uso huu zinasimulia maumivu ya mwili wa mwanamke asiyeulizwa, ambaye machozi yake yalikatazwa na mila, na ambaye leo, kupitia brashi ya mjukuu wake, anapata hatimaye

6. Rozina

Ijumaa nilimpeleka ukumbini kabla ya watu, nikamsomea karatasi zote. Ilikuwa zawadi yangu. Alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, kama anayekagua shamba la jirani. Tulipofika mwisho akaniuliza neno "maumivu" limeandikwa mara ngapi. Nikasema sijahesabu.

"Mwandiko mzuri," akasema. Nikajua hakupendezwa, lakini sikujua na nini.

7. Somoe, mwenye saluni nyuma ya soko

Jumamosi asubuhi sikuwa na mteja. Akaingia bibi mmoja wa Kimakonde, kanga mpya, uso umejaa chale za zamani. Nikampa shikamoo, nikadhani amekuja kuomba maji ya kunywa. Akakaa kwenye kiti cha maharusi.

"Nataka uso mlaini," akasema. "Nina shughuli saa nane."

Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. Akasema uso ni wake.

Nimeshapamba nyuso nyingi, ila chale hizo nilikuwa sijawahi kuzigusa. Nilipozifuta kwa pamba nilizisikia chini ya vidole, zimeinuka kidogo tu, kama mshono wa ndani wa gauni. Zimepangwa sawasawa, upande huu na huu, mtu hawezi kuzipatia hivyo kwa bahati. Mimi natumia penseli na kufuta mara nne ndipo nyusi zilingane. Aliyemchora huyu hakuwa na kufuta.

Alikaa hatikisiki. Nikamwambia, "Bibi, kupepesa kope ruksa." Akajibu kwamba alifundishwa kutotikisika, na kwamba alifundishwa vizuri.

Nikashindwa kunyamaza. "Mbona unazificha? Zimekukaa."

"Sizifichi. Wewe ukivaa gauni jipya, lile la zamani umelificha?"

Nikachanganya rangi. Ya kwanza ikashindwa, bluu ya masizi ikachungulia. Nikaongeza ya pili, na ya tatu.

"Leo watakuja watu wengi kunionea huruma, mwanangu," akasema, macho amefumba. "Nataka wanikose."

8. Pelagia

Alipogeuza kiti kuelekea kioo nilimwona mdogo wangu.

Naomba nieleze vizuri. Mdogo wangu anaitwa Verediana. Tulipokimbia vita na kuvuka Ruvuma, mimi na mume wangu Anselmu, yeye alibaki na mama. Alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Umri wake wa kuchanjwa ulipofika, mambo hayo yalikuwa yamekatazwa huko, kwa hiyo hakuchanjwa. Nilipelekewa habari kwamba ameolewa, kisha kwamba ana watoto, kisha habari zikakoma. Sikumwona tena. Nilikuwa namkumbuka na pengo mbele.

Sasa alikuwa pale kwenye kioo, mwanamke mzima, mzee, mashavu yameteremka kama ya mama. Mlaini. Nikainua mkono na yeye akainua.

Sikulia chini ya kisu. Nililia chini ya brashi.

Yule binti Somoe akakimbia na karatasi laini, anasema, "Bibi, poda, Bibi, poda." Nikamwambia aniache kidogo, kuna mtu nilikuwa sijamsalimia.

9. Sauti za ukumbini, saa nane na kitu

— Karibuni, karibuni, mkae mbele.

— Samahani mama, kiti hicho kimewekewa bibi wa kwenye picha.

— Nihame?

— Tafadhali.

(Akahama.)

— Jamani, hebu tazama hii ya saba. Maskini, jinsi alivyoteseka.

— Mimi nasikia alikuwa mzuri sana.

— Kumbe unamfahamu, mama?

— Tulikua pamoja.

— Na alikuwaje, wakati wa kukatwa? Alilia sana?

— Huyo? Alikuwa anaringa tu.

10. Rozina

Niliijua sauti kabla ya uso. Nikageuka, nikamwona mwanamke aliyevaa kanga ya Bibi, amekaa kama Bibi, anacheka na mgeni kama Bibi, na usoni mwake hakuna mtu ninayemjua.

Nikamshika mkono, nikampeleka stoo, kule tulikoweka viti vilivyovunjika. Nje Ofisa Utamaduni alikuwa tayari ameshika kipaza sauti.

"Bibi, uso umeufanya nini?"

"Nimeupamba. Kwani uso kazi yake nini nyingine?"

Nikamwambia watu wametoka mbali kuja kuona chale zake. Nikamwambia nimefanya kazi hii kwa miaka, kwa ajili yake, ili watu waache kusema makovu, na leo, siku yenyewe, anakuja amejipaka kana kwamba anazionea haya. Sauti ilinipanda. Sijawahi kumpandishia Bibi sauti.

Hakukasirika. Alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri maji yatulie kabla ya kuchota.

"Waliokuja kuona chale wanazo ukutani," akasema. "Mimi nimekuja kukuona wewe."

Akaendelea, taratibu. Akasema siku aliyochanjwa alikuwa anatafuta uzuri, na leo saluni alikuwa anautafuta uleule. Mtoto huwa anabadilisha michezo, akasema, lakini mtoto ni yule yule. Akasema picha zangu anazipenda kwa sababu ni zangu, ila yule mama wa ukutani hamjui, na akikutana naye njiani atampa pole na kupita.

Kulikuwa na ndoo ya maji na kitambaa. Nilikuwa nimeshakilowesha, sijui saa ngapi.

Akakiona. Akafumba macho, akaninyooshea uso.

"Ukitaka, futa," akasema. "Sitakulaumu, mke mwenzangu. Lakini uamue upesi, maana kitu hiki kinawasha."

Nikaweka kidole shavuni kwake. Nakwambia wewe unayesoma, maana Bibi sikumwambia: nilijua kila mstari wa uso ule kwa jicho, na mpaka siku ile nilikuwa sijaugusa hata mmoja. Zilikuwepo zote. Chini ya rangi ya Somoe, chale zilikuwa zimetulia mahali pake, na kidole changu kilizifuata peke yake, kuteremka kutoka kwenye jicho hadi pembe ya mdomo. Ngozi ilikuwa ya moto. Hakukuwa na huzuni pale. Palikuwa na mtu anayejizuia asicheke kwa kutekenywa.

Nikakirudisha kitambaa kwenye ndoo.

11. Kumbukumbu za ufunguzi, zilizoandikwa na katibu wa kituo

Mgeni rasmi aliuliza bibi mwenyewe yuko wapi. Msanii alimleta mama mmoja mbele, akasema: "Huyu ni bibi yangu Pelagia. Leo amejipamba." Wageni waliangalia ukutani, wakamwangalia mama, wakaangalia ukutani tena. Hilo halikuwa kwenye ratiba. Mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa akiongea naye muda mfupi kabla, alijifunika uso kwa mkoba. Mwandishi wa redio alimuuliza bibi anajisikiaje akiwa katikati ya picha hizi. Alijibu: njaa. Wageni walicheka, na bibi alifurahi. Viburudisho vilitolewa kabla ya hotuba.

12. Rozina

Hakutaka bajaji. Alitaka kurudi kwa miguu, tena kwa njia ya sokoni, tena polepole.

Muuza nazi ambaye humkopesha kila wiki akamwambia, "Karibu mama, nazi tamu." Bibi akauliza bei kama mgeni, akapata bei ya mgeni, akanifinya mkono kwa furaha. Watoto wa jirani ambao humwita kwa kelele kutoka mbali wakapita wakasema shikamoo ya heshima, ile ya kumpa mtu usiyemjua. Akaitikia kwa sauti nyembamba. Mzee Chitanda, fundi baiskeli, aliinuka kabisa kutoka kwenye kiti chake. Bibi akainamisha macho kama msichana, na tulipokata kona alilazimika kushika ukuta kwa kucheka.

Nikamuuliza kama atanawa tukifika. Akasema atanawa, bila shaka, haiwezekani kulala na saruji. Lakini si sasa hivi.

Mlangoni kwetu akanipa ufunguo. Akaniambia niingie mimi kwanza, na nifunge.

Nikaingia, nikafunga. Sebule ilikuwa na joto la mchana kutwa, inanuka rangi zangu. Kwa nje nilimsikia anajikohoza, anajikung'uta vumbi, ananyoosha kanga, kama mtu aliyetoka mbali na hana hakika kama nyumba ndiyo hii.

Hodi.

Sauti ilikuwa yake. Na haikuwa.

Nikauliza, nani mwenzangu?



Kisha nikasikia mtu anayebana kicheko kwa kiganja, na mkono wangu ukawa tayari kwenye komeo, na moyo unanidunda kwa furaha, maana kwa kweli sikujua ni nani ambaye nilikuwa karibu kumfungulia