Mabati Yanayovuta Pumzi

Jumatatu ya pili ya Februari 1985, saa mbili na robo asubuhi, Nesi Nduku alikuwa akichemsha mikasi katika wodi ya wazazi ya zahanati moja nyuma ya mtaa wa Muyeye, jiko la mafuta ya taa likamzimikia. Mafuta yalikuwa tele. Tambi zilikuwa mpya. Alilisogeza hatua mbili, akaliwasha tena, likawaka vizuri. Wodi haikuwa na dari. Alipotazama juu aliona bati la kwanza limekuwa jekundu, na la pili limekuwa jeusi. Ijumaa iliyopita mabati yote kumi na mawili yalikuwa ya kijivu.

Bi Mahfudha, mkunga aliyezalisha watu wa Shela majumbani mwao miaka ishirini kabla ya kuajiriwa pale, naye alitazama.

"Jekundu linavuta," alisema. "Jeusi linatoa. Tumsogeze yule wa Ganda, mwanangu."

Yule wa kijiji cha Ganda alikuwa Kadii, aliyejifungua Jumamosi mtoto wa kilo moja na robo tatu. Kitanda chake kilikuwa chini ya jekundu, na midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya samawati. Walikisukuma hadi chini ya jeusi, midomo ikarudi rangi yake. Ilipofika saa nne, lile jeusi likageuka jekundu na jirani yake likawa jeusi. Wakasukuma tena.

Mwalimu Maina, aliyefundisha kemia sekondari na ambaye mkewe alikuwa kitanda cha sita, aliwaeleza jambo hilo. Kutu ni ngozi nyembamba juu ya chuma. Ikishiba oksijeni huwa nyekundu, ikipungukiwa huwa nyeusi, na kwa kawaida haiirudishi oksijeni mpaka ipite kwenye tanuri. Mabati haya yalikuwa yakiirudisha kwa joto la jua tu. Tena oksijeni ilikuwa ikipita ndani ya kutu kutoka bati hadi bati, kama wagonjwa kwenye benchi: mmoja akiitwa, wote husogea kujaza nafasi. Aliyasema hayo akiwa ameshika mguu wa kitanda cha mkewe, kwa sababu zamu yao ya kusogea ilikuwa imefika.

Walijaribu kufungua madirisha, lakini hewa iliyoingia ilivutwa ikiwa bado njiani. Walijaribu barazani, lakini baraza nayo iliezekwa kwa mabati yaleyale. Uani hapakuwa na kivuli, na walipouliza, kutoka mjini lilikuja jibu kwamba mama aliye nje ya wodi hahesabiwi kuwa amelazwa, na asiyelazwa hapewi uji.

Kila mtu alijua mabati yalikotoka. Zahanati ilipojengwa, lori lilileta mabati mapya, watu wakayaona yakishushwa. Yaliyopanda juu yalikuwa ya ghala la samaki lililobomolewa, yamepakwa rangi. Yale mapya yalikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya nyumba ya Kombe, mkandarasi aliyeijenga zahanati, na kila mchana mng'aro wake uliingia dirishani ukawaumiza akina mama macho.

Nesi Nduku aliandika barua mjini kueleza habari ya mabati, akangoja. Chakula kilimshinda. Kila alipoinama kumsafisha mtoto kitovu alihisi kisogoni kwamba bati fulani linageuka, na mara nyingi lilikuwa linageuka kweli.

Alhamisi alikuja mkaguzi kutoka mjini, Bwana Joram, mtu mpole mwenye fomu. Aliwasalimia wote, akaomba meza na kiti, akaanza kuandika. Saa saba mabati yakaanza kuwa mekundu moja baada ya jingine, kutoka mlangoni kwenda ndani. Meusi yakabaki matatu, halafu mawili, halafu moja. Hilo moja lilikuwa juu ya meza ya mkaguzi.

"Bwana, nakuomba upishe hapo," Nesi Nduku alisema.

"Namalizia mstari huu," alijibu mkaguzi.

Nesi alisubiri, kwa kuwa alizoea kuwasubiri wakubwa. Kadii hakusubiri. Alishuka kitandani, akasimama kando ya meza, akamwinua mtoto wake kwa mikono miwili kuelekea batini. Wenzake wakamfuata. Wakawa wanawake watano wamemzunguka mkaguzi, mikono juu, naye chini yao anaandika. Watoto wakaanza kulia mmoja mmoja, na kila kilio Bi Mahfudha alikihesabu kwa kidole.

Kitanda cha nne alikuwa Mumbua, aliyepoteza damu nyingi, asiweze kuinuka. Nesi Nduku alimchukua mtoto wake, akakimbia naye hatua kumi, akajipenyeza kati ya mabega ya wenzake.

Vidole vya Bi Mahfudha viliishia vitano.

Saa nane kasoro robo mabati meusi yalirudi. Bi Mahfudha alimfunika mtoto wa Mumbua, kisha akaenda mezani.

"Mabati yetu yako pale ng'ambo," alimwambia mkaguzi. "Unayaona. Yaandike."

Mkaguzi aliyatazama, akakiri kwamba anayaona. Akaeleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba fomu yake ina nafasi ya vitanda, ya wauguzi na ya vifo, lakini ya mabati haina. Kwenye ya vifo aliandika homa ya mapafu. Nesi Nduku alitia sahihi, kwa sababu bila sahihi Mumbua asingepewa kibali cha kuzika. Mkaguzi alimwomba airudie isomeke.

Mwezi uliofuata lori lilileta vitanda sita vyenye magurudumu. Mkandarasi Kombe mwenyewe alisimamia ushushaji, akapeana mikono na kila mtu. Alikuwa amepewa pia kazi ya kujenga wodi ya pili. Vitanda havikukwaruza tena sakafu vikisukumwa. Bi Mahfudha aliwafundisha wazazi wapya walale chali, wayaone mabati.

Kadii aliruhusiwa mtoto alipofikisha kilo mbili na nusu, akawa anarudi kila mwezi kumpima. Aliamkia shikamoo akiwa bado kizingitini, akangoja marahaba, akatazama juu, akachagua mahali pa kusimama. Kisha alivuta pumzi ndefu, ndipo akaingia.